Sufuria Nyeusi Juani: Mhadhara Kuhusu Macho Makavu, Kisumu

Mliowahi kunisikiliza mtanisamehe, namrudia tena yule mama wa Dunga anayekaanga samaki. Aliniuliza, "Daktari, machozi yanatiririka kutwa nzima, nawe waniambia macho yamekauka?" Nikamwambia, mama, supu ya mbuta ukiengua mafuta yote hupoa upesi. Machozi nayo yana mafuta yake, yatokayo kwenye tezi za ukingo wa kope. Tezi zikiziba, machozi hukauka mara moja, jicho linawasha, linamwaga mengine ya maji matupu. Akanitazama kama mtu anayeuziwa omena wa juzi.

Sasa huu mwanga, ile tiba mpya ya macho makavu: mashine inamulika ngozi karibu na kope kwa mwanga mkali wa kupigapiga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rolando Toyos, daktari wa macho wa Memphis, aliona kuwa watu waliomulikwa uso kuondoa wekundu wa ngozi walipata nafuu ya macho pia. Tiba ya urembo, jamani! Ikajaribiwa. Mwaka 2015 New Zealand walichukua watu 28: jicho moja likamulikwa kweli, la pili kwa uongo. Ndivyo inavyopasa, maana aliyelipa pesa nyingi husikia nafuu hata ukimpaka maji.

Mwaka 2021 Marekani ikaidhinisha mashine moja ya mwanga huo kwa macho makavu. Kwa nani? Ngozi za daraja la 1 hadi la 4, katika kipimo cha Fitzpatrick cha rangi ya ngozi chenye madaraja 6, la 1 jeupe kabisa, la 6 jeusi kabisa. Tazameni mikono yenu. Wengi humu ni 5 na 6! Weka sufuria mbili juani pale Kibuye, moja inang'aa, moja ina masizi, kisha uzishike. Mwanga hupenda weusi. Kwetu mwingi utaishia kwenye ngozi, na ngozi yaweza kuungua.

Namsikia mmoja nyuma: si wapunguze nguvu? Wapunguze kiasi gani? Aliyepima kwenye nyuso za Kisumu alete daftari lake. Wala sipingi mashine, napinga kuuziwa majibu ya watu wengine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, habari ya vumbi na watu wa boda niiache. Nyumbani fanyeni hivi: kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza juu ya kope zilizofumbwa, dakika 10, kisha kanda kope taratibu, kila siku. Na ninyi wa saluni mnaouliza kuhusu ile mashine ya kuondoa nywele: ni mwanga wa ukoo huohuo, na kliniki hukinga jicho kwanza. Msithubutu. Haya, maswali.