Namna ya Kuisoma Land Rover Kuukuu ya Kusini

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Ukikutana na Land Rover kuukuu, iwe Masasi, Newala au nyuma ya gereji hapa hapa Mtwara, kitu cha kwanza usichopaswa kukiamini ni sho ya mbele, ule uso wa gari wenye wavu wa kupitisha hewa. Sho, boneti na madigadi vyote vimeshikwa kwa bolti. Fundi mwenye spana anavibadilisha mchana mmoja. Namba ya usajili nayo usiitegemee, maana inakuambia gari liliandikishwa lini, siyo lilitengenezwa lini. Gari la mradi lililokuja na namba za DFP, likishapigwa mnada, linavaa namba nyingine na kuanza maisha upya. Hata injini si shahidi. Land Rover yenye dizeli ya Kijapani ndani haimshangazi mtu huku.

Sababu yake mnaijua. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na masika ikikolea barabara ya Dar es Salaam ilikatika. Gari likiharibika huku halikusubiri spea ya kiwandani. Lilifungwa kilichokuwepo. Kwa hiyo Land Rover ya kusini haisomwi kwa jumla, inasomwa kipande kwa kipande, na ukianza na vile ambavyo ni taabu kuvibadilisha.

Chukua futi ya fundi seremala. Nyoosha magurudumu ya mbele, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Sentimita 203 ni inchi 80, yaani toleo la mwanzo kabisa, lililooneshwa Amsterdam mwaka 1948. Inchi 86 na 107 zilikuja 1954. 88 na 109 zikafuata 1956. Inchi 109 ni sentimita 277, na 107 ni 272, kwa hiyo ukipima ovyo ovyo utachanganya. Pima pande zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya sentimita moja, huenda springi imehama mahali pake au chesisi imepinda.

Halafu tafuta namba ya chesisi yenyewe. Kwa magari yenye usukani wa kulia, aghalabu imegongwa kwenye pembe ya chesisi, mbele kulia, pale springi inaposhikwa. Itakuwa imefunikwa na rangi na tope la grisi. Sugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, usithubutu kuweka grainda, utaifuta. Ikishasafika, paka chaki kisha ifute juu juu kwa kitambaa. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo na tarakimu zinasomeka. Linganisha na kadi ya gari. Wengi wanachoka hapo, lakini hapa ndipo ukweli ulipo.

Ubavu nao unasema. Series I, yaani kizazi cha kwanza cha Land Rover, hadi 1958, ina ubavu ulionyooka kama wa kreti. Kuanzia Series II bodi imetuna kidogo chini ya madirisha. Series IIA ilianza 1961, na kwa miaka mingi taa zake zilikaa karibu karibu, pembeni mwa sho. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamia kwenye madigadi. Series III ni ya 1971 hadi 1985. Kioo cha mbele kikiwa kipande kimoja na chini kuna springi za koili badala ya zile za majani, hiyo si Series tena, ni One Ten ya 1983 au ya baadaye, ile iliyoanza kuitwa Defender mwaka 1990.

Ukibaki na shaka kati ya IIA na III, chungulia dashibodi. IIA ina geji katikati, III inazo mbele ya dereva. Kisha omba kupanda, msikilize dereva anapopunguza gia kutoka tatu kwenda mbili. Gia boksi ya IIA ina sinkro, kile kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie bila kelele, kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Asipokanyaga klachi mara mbili na kuongeza mafuta katikati, gia italia. Ya Series III inaingia yenyewe. Sho ya plastiki ya Series III pamoja na gia inayolia kwenye mbili? Hapo mna magari mawili katika moja.

Sumaku ndogo mfukoni inafaa kuliko maneno ya dalali. Bodi ya Land Rover ni alumini, sumaku haishiki. Ikishika kwenye bati la nje la mlango au digadi, mtu ameweka bati la chuma. Lakini ukuta unaotenganisha injini na dereva ni chuma, chesisi ni chuma, na hapo ndipo pwani yetu inapokula. Gari lililokaa Mikindani au Lindi mjini linapigwa na upepo wa chumvi; alumini ikigusana na chuma penye unyevu huo, alumini inaanza kuota unga mweupe kuzunguka ribiti. Tope la barabarani huingia ndani ya chesisi, ambayo ni boksi lenye uwazi, likakaa na unyevu wake. Kutu inaanzia ndani. Gonga kwa nyundo ndogo, hasa boriti ya nyuma kabisa, na sehemu za miguu ya dereva na utingo. Chuma kizima kinalia ngee. Kilichooza kinajibu puu. Ukikuta bati limechomelewa juu ya bati, chokonoa ukingo wake kwa bisibisi.

Kuna ugonjwa mmoja ambao kila anayepanda uwanda wa Newala na mzigo lazima aujue. Ekseli ya nyuma ya kawaida ya hizi Series ina shafti nyembamba zenye meno kumi. Abiria wamejaa, dereva anaachia klachi ghafla mlimani, shafti inakatika. Dalili: gia imeingia, propela inazunguka, gari limesimama. Fungua bolti sita za kitovu, vuta shafti, na utoe na kipande kilichobaki ndani kisiende kusaga difu. Bonyeza kifundo cha njano, gari litarudi nyumbani kwa magurudumu ya mbele, polepole. Magari ya 109 ya baadaye yalipewa ekseli nzito ya Salisbury, yenye shafti za meno 24. Utaitambua kwa kifuniko chake cha bolti nyuma ya difu.

Watu wa Ulaya hulipa fedha nyingi kwa gari lisiloguswa. Kwa maoni yangu, Land Rover ya kusini yenye viraka ina thamani yake, mradi mwenyewe aseme kiraka ni kiraka.

Mengine kwa haraka. Peugeot 404, ya 1960 hadi 1975, ina mapezi madogo nyuma na gia kwenye usukani. Difu yake ni ya skrubu na gurudumu la shaba nyeusi: usiitie oili ya difu ya kisasa yenye salfa, itaila shaba hiyo. Saluni ya 504, iliyotoka 1968, utaijua kwa buti lake linaloinama. Ndiyo aina iliyoshinda Safari Rally 1975. Volkswagen ya kobe, tazama dirisha la nyuma: vipande viwili ni hadi 1953, yai ni hadi 1957.

Na mkikuta gari limelala miaka uani kwa mtu, pigeni hodi kwanza, picha baadaye. Mwenyewe akitaka kujua kama injini bado inazunguka, msiunge betri. Ya petroli, toeni plagi nne, mwagieni kila silinda kijiko kimoja cha oili, mliache hadi kesho yake, kisha mzungushe kwa hendeli ya mkono kupitia tundu la bampa. Ikigoma, ongezeni oili na msubiri tena. Mkilivuta likiwa kwenye gia, pete za pistoni zitakatika. Na kabla ya kuja kufunga betri, angalieni waya upi umefungwa kwenye bodi, kwani magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya 1967 yalifungwa waya wa chanya kwenye bodi, siyo wa hasi.