Winchi Mpya, Kebo za Zamani

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Masika hayako mbali, na kila mwenye gari la porini hapa Mombasa ameanza kuitazama winchi yake, ile mashine ya umeme ya mbele ya gari inayozungusha ngoma ya kamba ili ujivute ukizama. Fundi Salim, wanakuletea nini siku hizi?

SALIM: Wanakuja na winchi mpya ndani ya boksi. Nikiuliza kebo, naambiwa zile za winchi iliyotolewa zipo, tutumie hizo hizo. Hapo ndipo ninapoudhika, dada. Mtu amemaliza pesa kwenye mota na ngoma, halafu umeme anaupitisha kwenye kebo iliyokaa nyuma ya bampa miaka yote na hewa hii ya chumvi.

ZUHURA: Lakini ukiitazama unaiona nzima. Mpira haujapasuka, rangi nyekundu bado iko.

SALIM: Mpira haupitishi umeme. Chukua kisu, chana hapo karibu na kichwa cha kebo, kile kipande cha ncha chenye tundu la bolti, kama urefu wa kidole. Shaba nzima hung'aa. Hizi zetu utakuta nyuzi nyeusi, na pale zinapoingia kwenye kichwa pana unga wa kijani. Zikunje kidogo, zinakatika kama tambi kavu. Unyevu wa chumvi huingilia pale kichwani ukapanda ndani kwa ndani, usiuone.

ZUHURA: Na taa za mbele mbona zinawaka vizuri tu na waya wa zamani?

SALIM: Taa inataka ampea tano hivi. Winchi yenye uwezo wa kuvuta pauni 9,500, yaani kama tani nne na robo, ikivuta kwa nguvu zake zote kwenye volti 12 inakula ampea 400, na nyingine zaidi. Sasa tupige hesabu. Kebo ya milimita 35 za mraba, mita tatu kwenda na mita tatu kurudi, kwa ampea hizo inapoteza kama volti 1.2. Ukiweka ya 16 kwa sababu ni rahisi, unapoteza 2.6. Na hiyo ni shaba mpya! Betri yenyewe ikishikwa na mzigo huo imeshashuka chini ya 12. Kinachoifikia mota ni mabaki. Inavuta polepole, inachemka, halafu lawama zote anabebeshwa Mchina.

ZUHURA: Umesema kwenda na kurudi. Mimi gari nililonunua, kebo nene ilikuwa ya chanya peke yake. Hasi ilifungwa kwenye chesisi, basi.

SALIM: Na hapo ndipo shida ilipo mara nyingi kuliko penginepo. Ampea 400 zilizotoka chanya ni zile zile zinazorudi hasi. Alikuja dereva mmoja wa watalii, ameshaambiwa huko gereji mota imeungua, anunue nyingine. Nikamwambia tuipime kwanza. Mita nikaiweka kwenye volti, ncha moja juu ya nguzo ya hasi ya betri, ncha nyingine kwenye bodi ya mota. Gari tukalifunga kwenye mti, akabonyeza rimoti. Mita ikasoma volti tatu na kitu.

ZUHURA: Na ilitakiwa isome ngapi?

SALIM: Njia ikiwa safi, hata moja isifike. Zile tatu zote zilikuwa zinapotelea kwenye bolti iliyofungwa juu ya rangi ya chesisi, na chini yake kutu. Nikavuta kebo nene kutoka bodi ya mota moja kwa moja mpaka hasi ya betri. Mota ile ile "iliyoungua" anayo hadi leo.

ZUHURA: Kebo gani unayowashauri watu wa Pwani?

SALIM: Ile ya boti. Nyuzi zake zimepakwa bati, ni nyeupe si nyekundu, kwa hiyo chumvi inachelewa kuzila. Hapa kwetu wauzaji wa vifaa vya boti hawakosekani. Bei ni kali kidogo, sikatai. Vichwa vibanwe kwa mashine ya kubania ya haidroli. Nyundo na tindo hapana. Halafu uvishe ule mpira wenye gundi ndani unaosinyaa kwa moto.

ZUHURA: Wengine wanajaza risasi ya kuyeyusha kwenye kichwa.

SALIM: Risasi inaifanya kebo iwe ngumu pale inapoanzia, na gari linatikisika. Itakatikia hapo hapo.

ZUHURA: Tuje kwenye kuunga kwenyewe. Boksi la solenoidi, yaani la swichi nzito zinazopeleka umeme kwenye mota ukibonyeza rimoti, lina kebo fupi tatu, na mota ina nguzo tatu.

SALIM: Hiyo ni mota yenye koili za uga, yaani nyaya zilizoviringwa zinazofanya kazi ya sumaku umeme ukipita. Nguzo zake zimeandikwa A, F1 na F2. Usifungue kitu kabla ya kupiga picha na kutia alama kwa tepu. Mota ya sumaku ina nguzo mbili tu, na boksi lake ni jingine, usimuazime jirani. Ondoa hasi ya betri kwanza, na iwe ya mwisho kurudi. Na pete vueni. Pete ikigusa chanya na bodi ya gari kwa pamoja, kidole kinaungua hadi mfupani.

Halafu kuna jambo la mikono. Kila nguzo ya mota ina nati mbili. Ya chini ishike kwa spana, ndipo ukaze ya juu kwa spana ya pili. Ukikaza ya juu peke yake, nguzo nzima inazunguka na kukatika ndani ya mota. Na wanaofanya hivyo ni wale wenye nguvu, nguvu nyingi hapo hazisaidii.

ZUHURA: Na ukibonyeza "ndani" kamba ikatoka nje?

SALIM: Umebadilisha F1 na F2. Zigeuze, yamekwisha. Kosa kubwa ni la yule anayeona ngoma inazunguka kinyume, akaiacha ijikunje kamba kwa upande wa pili, akasema mbona inavuta. Winchi nyingi za siku hizi breki iko ndani ya ngoma na inashika upande mmoja tu. Kamba itoke chini ya ngoma. Ikitokea juu, utavuta, ila ukiachia kitufe kwenye mlima wa Shimba Hills gari linarudi nyuma na wewe.

ZUHURA: Subhanallah. Na ikikaa kimya kabisa, hata tiki huisikii?

SALIM: Tafuta waya mwembamba mweusi unaotoka kwenye boksi. Huo ni hasi ya solenoidi, husahauliwa sana. Pia uliza gari ni la volti ngapi. Kuna Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani zina 24. Humo weka winchi ya 24. Usiibe 12 kwenye betri moja kati ya mbili, utaziua zote.

ZUHURA: Fyuzi sasa. Mimi nataka fyuzi.

SALIM: Mimi nataka swichi kuu ya kukata umeme, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Fyuzi inayostahimili ampea 400 za kazi haiwahi kukatika kwa hitilafu ndogo, na ya chini ya hapo itakukatikia umezama tope.

ZUHURA: Na ukigongwa mbele, kebo ikakatwa na bampa, swichi umeiacha imewashwa?

SALIM: Swichi huzimwa winchi isipotumika.

ZUHURA: Wewe utakumbuka. Dereva wangu je?

SALIM: Basi mwekee vyote viwili dereva wako, na fyuzi iwe kubwa. Mimi kwenye gari langu naweka swichi peke yake.