Karakana ya uani: mita 3 kwa 4, kutoka kamba mpaka meza ya kazi

Assalamu alaikum, karibuni. Leo tunajenga karakana nyuma ya nyumba, hapa kwetu Zanzibar: matofali ya inchi 6, mita 3 kwa mita 4 kipimo cha nje, paa la bati la mgongo mmoja. Inamtosha seremala na msaidizi wake, au anayechomelea mageti madogo na kufungua mashine za boti. Kaa na daftari, vipimo ni vingi.

Kabla chepe halijagusa ardhi, jiulize mbao yako ndefu kabisa ina urefu gani. Mbao nyingi za dukani ni futi 12, yaani mita 3 na sentimita 66. Ukuta unakula sentimita 15 kila upande, kwa hiyo mita 4 za nje zinabaki mita 3.70 ndani. Mbao inalala ndani vizuri, ikabaki sentimita 4 tu. Ndiyo maana kuta mbili fupi hatuzipigi lipu kwa ndani. Anayepunguza urefu ili aokoe matofali thelathini huishia kulaza mbao nje, na masika moja tu yanatosha kuzipinda zote. Upana nao una sababu: plaiwudi ni futi 8 kwa 4, na ukiilaza katikati lazima uweze kuizunguka.

Sasa mahali. Kaa mbali na mnazi. Nazi moja kavu hutoboa bati. Kaa mbali na karo, yaani shimo la maji machafu, mita 3 au zaidi, kwa sababu ardhi ya pembeni yake ni laini na msingi utadidimia upande mmoja. Mwone sheha, kiongozi wa shehia yako, kisha uombe kibali cha ujenzi kwenye mamlaka inayohusika. Walio Mji Mkongwe wana taratibu zao za uhifadhi, waanze huko kwanza. Na jirani umwambie mapema juu ya kelele na vumbi, ni haki yake.

Urefu wa jengo tunaulaza mashariki na magharibi. Kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini, madirisha hayapigwi na jua la asubuhi wala la alasiri, na pepo zetu mbili, kaskazi na kusi, zinapita ndani na kutoa vumbi la mbao. Ukuta wa kusini tunaufanya mfupi, wa kaskazini mrefu. Kusi linavuma kwa nguvu miezi mingi. Likikuta upande wa chini wa paa linateleza juu yake, likikuta upande ulioinuka linaingia chini ya bati na kulinyanyua.

Wakati mzuri wa kuanza ni Juni, masika yakishapita, umalize kuezeka kabla ya vuli kuanza Oktoba.

Tuvute kamba. Piga vigingi vinne, upande mmoja mita 3, mwingine mita 4. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba ulalo wake, kona hadi kona, ni mita 5 kamili. Pima milalo yote miwili. Mmoja ukisoma 5.00 na mwingine 5.06, jengo limepinda. Sogeza vigingi sasa hivi, maana kosa hilo litakufuata mpaka kwenye bati.

Chimba mtaro wa upana wa sentimita 45 na kina cha 60. Hapo usifuate kwa kukariri. Ukiwa Paje, Jambiani au Micheweni utakuta jiwe kabla hujafika magoti. Usilivunje: lisafishe, ligonge kwa mtaimbo kila nusu mita. Likitoa sauti ya kitu kitupu, chini yake kuna shimo. Lifungue, ulijaze zege. Kwenye vilima vya Pemba vyenye udongo wa mfinyanzi, kina cha 60 ni kidogo, shuka mpaka udongo mgumu usiopondeka kwa kidole gumba, na upande wa juu wa mteremko chimba mfereji wa kuyakatia maji njia kabla hayajafika ukutani.

Sasa zege, na hapa tukae kidogo, maana ndipo karakana nyingi zinapoharibika. Mchanga usitoke pwani. Chumvi yake hula nondo kutoka ndani, nondo ikivimba kwa kutu zege linapasuka, na ukuta hubaki na ubichi usiokauka. Tena kuchota mchanga wa pwani ni kuialika bahari iingie mashambani. Nunua mchanga wa shimo unaochimbwa kwa kibali, uujaribu hivi: jaza chupa nyeupe nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, iache saa moja. Tope litakalokaa juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, urudishe.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35, karibu ndoo moja na robo tatu ya lita 20. Kwa kila mfuko weka mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, maji lita 25 mpaka 28, siyo zaidi. Fundi akitaka limiminike kama uji ili limpe wepesi wa kazi, mkatalie. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na vitundu hivyo ndiyo njia ya chumvi na maji. Mimina unene wa sentimita 15 chini ya mtaro. Itakula mifuko 6.

Matofali nunua 400. Hesabu halisi ni kama 375, mengine ni ya kukata na kuvunjika. Kabla ya kulipa, chukua moja uliangushe kutoka kiunoni juu ya ardhi ngumu. Likikatika vipande viwili, kubali. Likimwagika kama mchanga, saruji ilikuwa ya kunusishwa tu. Jenga mistari mitatu ya msingi, itatokeza sentimita 30 juu ya ardhi. Kimo hicho ni cha maji ya masika na pia cha mchwa, kwa sababu njia zao za udongo utaziona zikipanda kabla hawajafika kwenye mbao.

Jaza vifusi ndani kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ilowe na ishindiliwe. Tabaka moja nene haishindiliki chini, na baada ya mwaka sakafu inakaa kama bakuli. Juu yake nyunyiza dawa ya mchwa, kwa glovu na kwa kipimo cha kwenye chupa, watoto na kuku wakiwa mbali. Na kama kisima kiko karibu, dawa usiimwage kabisa. Tegemea kimo cha msingi na ukaguzi. Tandaza nailoni nzito, kisha jamvi la zege sentimita 10, mifuko 7. Lifunike kwa magunia au makuti mabichi, ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba.

Kuta zinapanda kwa timazi na pimamaji. Kila mstari, tofali na saruji yake ya kuungia, ni sentimita 25. Mlango uwe ukuta mfupi wa mashariki, upana sentimita 120, milango miwili inayofunguka nje. Sasa tazama ukuta wa magharibi, mkabala na mlango: acha tundu la sentimita 30 kwa 30, kimo cha sentimita 90 kutoka sakafuni. Tutalifunga kwa kijilango chenye komeo la ndani. Kazi yake mtaiona mwishoni.

Mstari wa tisa ukikamilika, zungusha linta, mkanda wa zege lenye nondo, jengo zima, sentimita 15 kwa 15: nondo nne za milimita 10, ringi za kuzifungia za milimita 6 kila sentimita 20. Nondo tano za mita 12 zinatosha pamoja na maungio. Weka vipande vya zege vya sentimita 3 chini na pembeni ili nondo isiguse ubao wa fomu. Nondo inayoonekana nje, hewa ya bahari haiisamehi. Zamisha humo vipande vya nondo ya milimita 6 kila mita moja, vibaki vimesimama, ndivyo vitakavyofunga paa. Juu ya linta mstari mmoja kusini, mitatu kaskazini. Tofauti ya sentimita 50 inatosha maji kukimbia.

Paa: mbao tano za inchi 2 kwa 6, futi 12, zinatoa upenu wa sentimita 30 kila upande. Zifunge kwa zile nondo, usitegemee misumari. Papi, mbao za kupigilia bati, za inchi 2 kwa 3, safu sita, maungio yakae juu ya mbao kubwa. Mabati saba ya mita 3.80, geji 28. Geji 30 ni jembamba zaidi. Karibu na bahari chukua lililopakwa aluminiamu na zinki. Msumari upite kwenye mgongo wa bati, usipite kwenye bonde maji yanakopita.

Umeme mpe fundi mwenye leseni, lakini ujue cha kudai. Laini iwe ya peke yake kutoka kwenye bodi ya nyumba, soketi waya wa milimita za mraba 2.5, taa 1.5, na swichi ya usalama ya miliampia 30. Mashine ya kuchomelea inahitaji waya wake mnene. Ukiichomeka kwenye ekstensheni ya nyumbani, umeme unashuka, mota za wengine zinaungua. Na ardhi yetu ya mawe na mchanga mkavu haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo fundi aipime ethi, yaani waya wa usalama unaochimbiwa ardhini, kwa mashine, asikuambie tu kwamba amechimbia.

Meza ya kazi ikae chini ya dirisha la kaskazini, kwenye mwanga. Urefu sentimita 180, upana 60, ubao wa inchi 2 kamili. Kimo: simama wima, mikono ilegee, pima mpaka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, wengi hupata 85 mpaka 90. Jiliwa, kile chuma cha kubania kazi, lifungwe kona ya kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, juu kabisa ya mguu wa meza. Likifungwa katikati, kila nyundo itaidundisha meza. Randa na patasi ziwe kabatini, zimepakwa oili ya cherehani. Mafuta ya nazi yaacheni jikoni, wakati wa kusi yanaganda.

Sasa chukua mti wa mvinje wa mita 5, mrefu kuliko jengo lenyewe. Uingize kwa mlango, uulaze juu ya meza ya msumeno yenye kimo cha 90, fungua kijilango cha magharibi, usukume. Unatoka nje upande wa pili, umekaa sawa, na wewe unakata ukiwa kivulini.