Mama, Huu Ndio Mpira Wenyewe

Ndugu zangu, habari zenu. Wazee wangu mnaonitazama, shikamooni. Najua nimepotea muda mrefu, na sauti mnaisikia ilivyokauka. Ni saratani ya koo, na mionzi ndiyo imenikausha hivi. Ila leo nimewasha kamera kwa ajili ya mpira wa kulishia. Mama alipoambiwa kwenye simu kwamba nimewekewa mpira, alinyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, imefikia huko?"

Mama, simlaumu mtu kuwaza hivyo. Hata mimi niliukataa kwa sababu hiyohiyo. Daktari aliushauri kabla ya mionzi kuanza, nikamwambia maadamu koo linapitisha, nitakula kwa mdomo. Kichwani mwangu, aliyewekewa mpira ni mtu ambaye ndugu wameshaitwa kumuaga.

Wiki ya nne ya mionzi, kunywa kikombe kimoja tu kulinichukua karibu saa nzima, kila funda kama kumeza kaa la moto. Mwili ukaisha. Sasa, wakati wa mionzi unavishwa barakoa ngumu ya plastiki inayobana uso ili kichwa kisisogee hata kidogo. Siku moja nikalala pale, nikaona ile barakoa inacheza. Uso wangu ulikuwa umepungua ndani yake. Ikabidi nitengenezewe nyingine. Siku hiyo ndiyo nilikubali, na natamani ningekubali mapema.

Tazameni, uko hapa, juu ya kitovu upande wa kushoto. Umepita kwenye ngozi mpaka kwenye mfuko wa chakula, na kwa ndani una kizuizi ili usichomoke. Kuna ule wa puani, lakini huo kwa kawaida ni wa wiki chache tu. Muuguzi alinieleza kwamba mtindo huu wa kuuweka kwa kamera ndogo inayoshushwa mdomoni, bila kupasua tumbo, ulianza mwaka 1979 kule Cleveland, Marekani, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto mchanga. Nikawaza, kama kichanga aliwekewa ili akue, mimi naogopa nini?

Kuuzoea kumechukua muda. Nikilishwa nakaa nimeinuka, na nikimaliza silali kama saa moja, maana chakula kikirudi juu kinaweza kuingia mapafuni. Dawa nazo zina mambo yake. Usiku mmoja nilisaga vidonge viwili pamoja, mpira ukaziba. Mikono ilinitetemeka jamani! Nilisukuma maji ya uvuguvugu kwa sirinji, navuta, nasukuma, taratibu, mpaka ukaachia. Usichokoe kwa waya kamwe. Na kuna vidonge havisagwi kabisa, vile vinavyotoa dawa kidogokidogo, kwa hiyo muulize mfamasia kwanza.

Shangazi aliniuliza kama nasikia njaa. Tumbo linashiba, shangazi. Mdomo ndio haushibi. Wiki za mwanzo familia ikikaa mezani nilijifungia chumbani, nisisikie hata vijiko. Mwanangu mdogo akaja mlangoni akauliza kama nimewakasirikia. Tangu siku hiyo nakaa nao, mfuko wenye chakula changu cha kupitia mpira umening'inia pembeni, tunapiga stori. Meno napiga mswaki vilevile, na kila siku nameza mafunda madogo ya maji niliyoruhusiwa, kwa sababu misuli ya koo ikikaa bila kazi inalegea, na mimi nataka kurudi kula.

Haya, saa yangu ya chakula imefika. Mama, sogea karibu na simu uone. Nafungua kifuniko, naunganisha sirinji, mililita 30 za maji kwanza kusafisha njia. Yanashuka, umeona? Sisikii maumivu yoyote, ubaridi tu hapa ndani. Sasa chakula kinafuata.