Sweta ya mama: mbona imerudi?

Jamani, habari za huko nyumbani. Leo nalijibu lile swali, maana kila nikipandisha video lipo: "Dada, sweta ya mama uliyotuonyesha iko wapi?" Wengine mlisema najishaua na vya Ulaya, na najua leo mtasema nalialia. Vyovyote. Sweta imerudi, haimtoshi hata mtoto wa miaka minne.

Hapa Glasgow nilipopanga hakuna mashine, nikaipeleka kwa dobi. Wakaifua kwa maji ya moto, wakaikausha kwa mashine. Sweta ya pauni 65 hiyo, na mimi ndiyo kwanza nakusanya pesa ya viza. Ada ya afya peke yake ni pauni 1,035 kwa mwaka! Nikadai fidia. Wakataka risiti, picha, fomu ya kurasa tatu. Wiki sita baadaye: ombi limekataliwa. Na lebo ina alama ya beseni lenye kiganja ndani, yaani fua kwa mkono, mtu yeyote wa kazi hiyo anaijua. Iliniuma sana.

Sasa sikilizeni. Sufu ni nywele za kondoo, na kila unywele una magamba madogo yaliyopandana kama vigae, yote yameelekea nchani. Chukua unywele mrefu, upitishe vidoleni kutoka shinani kwenda nchani: unateleza. Upitishe kinyume: unakwaruza. Kwenye maji ya moto ya sabuni sufu inalainika, magamba yanainuka. Mashine ikiisukasuka, kila unywele unajipenyeza kuelekea shina lake, na hauwezi kurudi nyuma kwa sababu magamba yananasa kwa wenzake. Kitambaa kinakaza, kinakuwa kinene kama blanketi. Joto peke yake halitoshi. Kinachomaliza kazi ni ule msukosuko. Ikishashikana hivyo, hata uivute vipi haifunguki.

Mimi sasa nafua kwa mkono, maji ya vuguvugu, sisokoti. Naiviringisha kwenye taulo, naikandamiza, naianika imelala. Hiyo ni mimi. Wewe soma lebo yako, maana sweta nyingi za mtumba ni akriliki, nyuzi za kiwandani, hazina magamba.

Ile iliyorudi nimeikata soli za ndani za viatu vya mama. Sufu iliyoshikana ukiikata haifumuki. Njombe Juni hii anazivaa, anasema miguu haimgandi tena alfajiri.