Wateseni Watoto Wadogo: Maneno ya Kiingereza Yaliyohama

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka, ahsanteni. Wanaonifahamu wanajua nitaanza na neno gani. Naam, "suffer". Msigune.

Nilikuwa kijana, kwenye mkutano wa injili uwanjani. Mhubiri mgeni ameshika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James. Pembeni yake mkalimani, kijana hodari, Kiingereza anakimwaga tu. Mhubiri akasoma Mathayo 19, mstari wa 14: "Suffer little children". Mkalimani hakusita: "Wateseni watoto wadogo!" Mama mmoja mbele yangu akamvuta mwanawe mapajani. Mzee mmoja akapaza sauti, "Kijana, hii yangu inasema waacheni waje!" Mkalimani akamkata jicho, yeye ndiye msomi bwana, mzee atamwambia nini?

Mzee alikuwa sahihi. Na mkalimani naye, kwa Kiingereza cha siku hizi, hakukosea, ndiyo maana kisa hiki nakirudia mpaka mmechoka. Enzi hizo "suffer" lilibeba pia maana ya kuvumilia, na ukilivumilia jambo litendeke, umeliruhusu. Maana ya kuruhusu ikafifia, ya maumivu ikabaki na nyumba yote.

Neno la kale usilolijua kabisa lina nafuu, utakwenda kwenye kamusi. Linalokuangusha ni lile unaloamkiana nalo kila siku. Zaburi ya 119, mstari wa 147, katika Biblia hiyohiyo: "I prevented the dawning of the morning". Mwanafunzi wangu mmoja akatafsiri, "Nilizuia kupambazuka." Nikamwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: jua lilikutii? Neno "prevent" lina asili ya Kilatini, kutangulia. Mtunzi aliamka kabla ya alfajiri, basi. Lakini anayekutangulia njiani aweza kukuzibia njia, na maana ikahamia huko.

Najua mnachotaka kusema. Mwalimu, hizo ni Biblia za zamani, zipo tafsiri mpya, ipo na simu. Haya, chukueni pasipoti ya Uingereza. Ndani inaomba mwenye nayo apite "without let or hindrance". Apite bila kuruhusiwa? Ulizeni simu zenu! Zamani palikuwa na "let" mbili, moja ya kuruhusu na moja ya kuzuia, kila moja na matamshi yake. Miaka ikapita, zikafanana kama mapacha. Hamlet wa Shakespeare, marafiki wanamshika asiufuate mzuka wa baba yake, naye anaapa kumgeuza awe mzuka mtu yeyote "that lets me", yaani anayemzuia. Wacheza tenisi wanayo hadi leo: mpira wa kuanzia ukigusa wavu kabla ya kutua ndani, refa anasema "let", unarudiwa.

Wala msidhani kamusi ni msahafu. Mwaka 1934 kamusi kubwa ya Webster kule Marekani ilichapa neno "dord", maana yake densiti. Halikuwa neno! Mtu aliandika kwenye karatasi "D or d", kwamba herufi hiyo, kubwa au ndogo, ni kifupisho cha densiti, aliyefuata akaziunganisha. Likakaa humo miaka mitano hadi mhariri mmoja alipojiuliza mbona halina asili.

Muda, muda. Nilitaka kuwapa "lord", ambalo mwanzoni lilikuwa mlinzi wa mkate, na "lady", mwenye kukanda mkate. Ni habari ya nani alishika chakula cha nyumba, sasa itabidi mkaisome wenyewe. "Deer" alikuwa mnyama yeyote, si paa peke yake. "Girl" alikuwa mtoto, hata wa kiume. Twende.

La mwisho. Waingereza walikuwa na "overmorrow", keshokutwa. Limo katika Biblia ya Coverdale ya mwaka 1535. Wakalitupa, na sasa wanahitaji maneno manne kuifikia siku hiyo. Mnacheka? Sisi tuna keshokutwa, ikifuatwa na mtondo, kisha mtondogoo. Nani humu ametumia mtondogoo mwaka huu? Nyosheni mikono. Mmoja, yule bibi aliyemsindikiza mjukuu wake. Na wa pili... aa, huyo ni Mwenyekiti, ananionesha saa.