Simba wa Ninawi

Niliombwa nizungumzie maana ya wanyama katika sanaa ya kale ya uwindaji. Wanyama ni wengi, muda ni mchache. Nimemchagua simba, si wa porini, wa ukutani.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa kasri la Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, huko Ninawi, katika Iraki ya leo. Ulichongwa kati ya miaka ya 645 na 635 KK hivi, na michongo yake, inayomwonyesha mfalme akiwinda simba, sasa iko British Museum, London. Ukiitazama haraka utasema: mfalme hodari, simba wamekwisha. Lakini tazameni pembeni. Kuna kizimba, na juu yake mtu anainua mlango, simba anatoka. Kumbe mawindo yameletwa! Askari wenye ngao wameuzingira uwanja. Mtafuta nyama hahangaiki hivyo.

Basi simba huyu ni nani? Ni kila kinachovuruga nchi. Maandishi ya mfalme mwenyewe yanasimulia mvua ilivyonyesha, vichaka vikasitawi, simba wakaongezeka, wakawa wanaua mifugo na watu. Kumuua simba ni kuirudisha nchi katika utulivu wake. Ndiyo maana mhuri wa dola, uliogandamizwa kwenye udongo, ulibeba picha hiyohiyo: mfalme na simba uso kwa uso, upanga kifuani. Aliyepokea udongo wenye alama ile hakuhitaji kujua kusoma.

Ulaya ya zama za kati mambo yaligeuka. Ayala, mnyama wa jamii ya kulungu, yule wa Zaburi ya 42, anamtokea mwindaji, Mtakatifu Hubert, akiwa na msalaba kati ya pembe, na mwindaji ndiye anayepiga magoti. Hiyo ina mhadhara wake, tuiache.

Nirudi Ninawi, kwa simba jike mmoja. Mishale imemwingia mgongoni, miguu ya nyuma imepooza, anajikokota kwa ile ya mbele huku akinguruma. Halafu mtazameni mfalme: uso uleule kila mahali, hautoki jasho. Wapo wanaosema fundi alimpa simba nguvu ili mshindi wake aonekane mkubwa zaidi. Nakubali, nusu. Ila sifa za mfalme hazikudai mishipa ile ya usoni, wala uzito ule wa miguu iliyokufa. Hapo fundi alikuwa anamtazama mnyama, amemsahau bwana wake.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.